Pumu na moto: tiba ya nyuzijoto 65 ilikotoka, na kilichoitangulia bila kufika Muleba

Ukimwambia mtu wa Bukoba kwamba kuna pumu inayotibiwa kwa joto, mawazo yatamwendea kwenye nyungu. Hana kosa. Mwaka 2020 na 2021, corona ilipotanda, nchi nzima ilijifukiza: sufuria la maji yanayotokota, majani ya mkaratusi, mchaichai, tangawizi, maganda ya ndimu, na mtu ameinama juu yake huku amejigubika blanketi mpaka jasho limtiririke. Kagera haikuhitaji kufundishwa. Mkoa huu una elimu ya majani iliyokomaa, na watafiti akiwamo Mainen Moshi wa Chuo Kikuu cha Muhimbili waliiandika kwa mfululizo: Bugabo mwaka 2009, Katoro mwaka 2010, kisha kijiji cha Kikuku wilayani Muleba mwaka 2012.

Lakini nyungu haitibu pumu. Mvuke hulegeza makamasi na kufungua pua, na mtu akahisi nafuu ya muda. Kwa mwenye pumu, mvuke mkali wenye harufu ya mkaratusi unaweza hata kumzidishia kubanwa, achilia mbali sufuria linalompindukia mtoto. Joto ninalolizungumzia hapa ni la namna nyingine kabisa. Linapelekwa ndani ya mapafu kwa waya, linapimwa, na lengo lake si kulegeza bali kuunguza.

Tiba hiyo ilizaliwa Amerika Kaskazini mwanzoni mwa karne hii. Hakuna hospitali ya Bukoba wala Muleba inayoifanya, na sidhani kama ndiyo tungeanza kuililia. Hata hivyo historia yake inafaa kusomwa huku kwetu, kwa sababu ukiifuata kurudi nyuma, hatua baada ya hatua, unafika mahali ambapo wagonjwa wetu wengi wameachwa.

Tuanze na kahawa, maana hapo Mhaya wa Kagera ana la kusema. Mwaka 1860 daktari mmoja wa London, Henry Hyde Salter, ambaye mwenyewe alikuwa na pumu, alichapisha kitabu kuhusu ugonjwa huo na kuitaja kahawa nzito, inayonywewa bila kitu tumboni, kuwa miongoni mwa dawa bora alizozijua. Wakati huo, ng'ambo ya pili ya dunia, kandokando ya Ziwa Victoria, watu walikuwa wakitafuna buni zilizochemshwa na majani na kukaushwa, wakimpa mgeni kabla hata hajaulizwa habari za safari. Sayansi ilikuja kueleza sababu. Kafeini hulegeza kidogo misuli ya njia za hewa, na robusta, ambayo ndiyo kahawa kuu ya Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Mwaka 1888 Mjerumani Albrecht Kossel akapata kwenye majani ya chai ndugu yake kafeini aitwaye theofilini, mwenye nguvu zaidi kwa kifua. Kutoka hapo ikatengenezwa aminofilini, ile sindano ambayo kila muuguzi mkongwe wa wodi zetu anaikumbuka: inaingizwa polepole kwenye mshipa, jicho liko kwenye saa, kwa sababu ikienda haraka moyo unakwenda mbio na mgonjwa anatapika.

Nisieleweke vibaya. Kikombe cha kahawa si dawa ya kumtegemea mtu anayebanwa saa nane za usiku. Nafuu yake ni ndogo na huisha baada ya saa chache.

Wakati matabibu wa dawa wakihangaika na kahawa na chai, wapasuaji nao walikuwa na njia yao. Mwaka 1923 Hermann Kümmell wa Hamburg alitangaza kwamba amewakata wagonjwa wa pumu mishipa ya fahamu shingoni. Baadaye Mjapani Komei Nakayama akaja na upasuaji wa kuondoa kitezi kidogo kilichoko pembeni mwa mshipa mkubwa wa damu wa shingo, na maelfu ya watu walipitia kisu hicho. Wengi walisema wamepata nafuu. Uchunguzi makini wa miaka ya 1960 haukuona faida yoyote ya maana, na upasuaji ule ukazimika. Kumbuka jambo hili, kwa sababu liliwakumba baadaye wenye waya wa moto: mgonjwa wa pumu akifanyiwa kitu kikubwa na daktari anayeaminika, mara nyingi atasema anajisikia vizuri, hata kama kitu chenyewe hakina kazi.

Chombo cha kufikia ndani ya mapafu bila kupasua kifua kilianzia Freiburg, Ujerumani, mwaka 1897, Gustav Killian alipomtoa mkulima mfupa wa nguruwe uliokuwa umemkwama kwenye njia ya hewa. Bomba lake lilikuwa la chuma, gumu, na mgonjwa alilazimika kuinua kidevu juu na kuvumilia. Mwaka 1966 Shigeto Ikeda wa Japani akaonyesha bomba linalopindika, lenye nyuzi za kioo za kupitishia mwanga. Bila Ikeda habari yote inayofuata isingekuwapo.

Kabla ya kuifikia, kuna miaka mitatu ambayo kwa mgonjwa wa kawaida ina uzito kuliko mashine zote. Mwaka 1956 kampuni ya Riker ya Marekani ilitoa pampu ya kwanza ya kubonyeza inayotoa kipimo kilekile kila mara. Mwaka 1969 salbutamol ikaingia sokoni, kazi ya timu ya David Jack katika maabara ya Allen & Hanburys huko Uingereza. Hiyo ndiyo pampu ya bluu, ya kutuliza. Ya tatu ni 1972, mwaka ambao pampu ya beklometasoni ilianza kutumika na daktari Harry Morrow Brown wa Derby akachapisha matokeo ya wagonjwa wake: watu waliokuwa wakiishi kwa vidonge vya steroidi, vinavyovimbisha uso na kulainisha mifupa, waliweza kuviacha kwa kuvuta kiasi kidogo sana cha steroidi moja kwa moja kifuani. Hii ndiyo pampu ya kuzuia, ambayo mara nyingi huwa na rangi ya kahawia.

Tofauti ya hizi mbili ndiyo roho ya jambo lote. Pumu ina mambo mawili kwa wakati mmoja. Kuna uvimbe wa muda mrefu kwenye kuta za njia za hewa, na kuna misuli inayozizunguka, ambayo hukaza ghafla. Pampu ya bluu inalegeza misuli, unapumua, unaendelea na kazi. Uvimbe umebaki palepale. Ya kahawia inashughulika na uvimbe, lakini haikupi nafuu ya papo hapo, kwa hiyo mgonjwa anaiona haifanyi kazi na kuiweka kabatini. Mwaka 2019 mpango wa kimataifa wa kupambana na pumu, GINA, uligeuza mwongozo wake na kusema mtu mzima au kijana asitibiwe kwa pampu ya kutuliza peke yake. Ilichukua nusu karne kulisema hilo waziwazi.

Sasa turudi kwenye moto. Kuna kundi dogo la wagonjwa ambao wanatumia pampu zote mbili, tena kwa dozi kubwa na kwa usahihi, na bado wanabanwa, wanalazwa, wanakosa kazi. Kwa ajili yao kampuni changa ya California, Asthmatx, ilikuja na hoja ya ajabu kidogo: kama misuli ndiyo inayobana, kwa nini tusiipunguze? Wataalamu walikuwa wamekwisha kujiuliza misuli hiyo ina kazi gani hasa. Mwaka 2004 Wayne Mitzner wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins aliandika kwamba misuli ya njia za hewa ni kidole tumbo cha mapafu, yaani ukiwa nayo inakusumbua na ukiikosa huijutii. Si wote waliokubaliana naye, na hata leo hoja hiyo haijafungwa.

Mwaka huohuo matokeo ya mbwa yakachapishwa. Njia zao za hewa zilipashwa moto kwa mawimbi ya redio kwa nyuzijoto 55, 65 na 75. Kwenye 55 hakukuwa na la maana. Kwenye 65 na 75 misuli ilipungua na njia za hewa zikaacha kukaza ovyo, na hali hiyo ilidumu miaka mitatu. Ikachaguliwa 65. Baada ya mbwa wakafuata watu wachache nchini Kanada ambao tayari walikuwa wamepangiwa kukatwa sehemu ya pafu kwa sababu ya saratani. Walipashwa moto katika sehemu ambayo ingeondolewa, kisha ikachunguzwa kwa hadubini. Mwaka 2006 Gerard Cox na wenzake wa Hamilton, Ontario, wakatoa taarifa ya wagonjwa 16 wa pumu, na mwaka 2007 ya wagonjwa 112.

Inavyofanyika ni hivi. Mgonjwa anakunywa vidonge vya steroidi kwa siku kadhaa kabla na baada. Siku yenyewe anapewa dawa ya kumlegeza na ganzi kooni, na bomba la Ikeda linapitishwa kwa pua au mdomo hadi kwenye matawi ya mapafu. Ndani ya bomba unapita waya mwembamba ambao mwisho wake una vichane vinne. Daktari akibonyeza, vichane vinafunguka kama kikapu na kugusa ukuta pande zote. Moto unawashwa kwa sekunde 10, unazimwa. Kikapu kinafungwa, waya unarudishwa nyuma milimita 5, kinafunguliwa tena. Ndivyo anavyokwenda, kutoka tawi dogo lenye upana wa milimita 3 hadi matawi makubwa, mara kadhaa wa kadhaa kwa kikao kimoja. Kikao cha kwanza ni sehemu ya chini ya pafu la kulia. Wiki tatu baadaye, chini kushoto. Wiki tatu nyingine, sehemu za juu za mapafu yote mawili. Sehemu ya kati ya pafu la kulia huachwa kwa sababu mlango wake ni mwembamba na inahofiwa unaweza kuziba.

Siku za kwanza baada ya kila kikao mgonjwa hukohoa na kubanwa zaidi kuliko awali. Hiyo si siri. Ndiyo bei ya tiba.

Jaribio lililoamua mambo liliitwa AIR2, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 288 kutoka Marekani, Kanada, Brazili, Uingereza, Uholanzi na Australia waligawanywa: 190 walipata moto, 98 waliingiziwa waya uleule, taa zikawaka na mashine ikalia, lakini joto halikutoka. Hawakujua nani ni nani. Hapo kivuli cha Nakayama kikajitokeza. Waliopata moto, asilimia 79 walisema maisha yao yameboreka kwa kiwango cha maana. Waliopata waya baridi, asilimia 64 walisema vivyo hivyo! Ukiishia kwenye kauli za wagonjwa, utasema moto umeshinda kwa tofauti ndogo. Lakini kulikuwa na hesabu nyingine zisizotegemea hisia. Katika mwaka uliofuata, mashambulizi makali yalikuwa pungufu kwa asilimia 32 na safari za dharura hospitalini zilikuwa pungufu kwa asilimia 84 kwa waliopashwa moto. Upande wa hasara, katika kipindi cha vikao asilimia 8.4 yao walilazwa, dhidi ya asilimia 2 ya wenzao.

Aprili 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikaipitisha mashine hiyo, na kabla mwaka haujaisha kampuni kubwa ya Boston Scientific ikainunua Asthmatx kwa zaidi ya dola milioni 190. Ilionekana zama mpya zimeingia. Haikuwa hivyo. Katika miaka hiyohiyo zilianza kutoka sindano za kisasa zinazozuia chembe mahususi za mzio na uvimbe, omalizumabu ikitangulia mwaka 2003, mepolizumabu mwaka 2015, na nyingine baadaye. Ni ghali, lakini hazihitaji kuingiza waya kifuani. Waliopashwa moto walifuatiliwa, na taarifa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba nafuu ilidumu hata baada ya miaka 10, ingawa picha za wachache zilionyesha njia za hewa zilizotanuka isivyo kawaida. Pamoja na hayo, GINA ilishauri tiba hii ifanywe tu ndani ya utafiti au mahali ambapo kila mgonjwa anaandikishwa na kufuatiliwa. Ikabaki kuwa tiba ya wachache.

Katika orodha ile ya nchi sita za AIR2 hakuna hata moja ya Afrika. Mtu anaweza kudhani ni kwa sababu huku hakuna pumu kali. Mradi wa utafiti wa pumu kali barani Afrika, ulioongozwa na Bruce Kirenga wa Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda na wenzake wa Kenya na Ethiopia, uliandikisha wagonjwa zaidi ya 1,600 katika nchi hizo tatu, na matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba takriban robo yao walikuwa na pumu kali. Lakini ndani ya hao, waliokuwa na pumu isiyosikia dawa kweli walikuwa sehemu ndogo. Wengi zaidi walikuwa na pumu ngumu kutibika kwa sababu zinazoweza kurekebishwa: pampu ya kuzuia haipo, au ipo na haitumiwi ipasavyo, au kuna ugonjwa mwingine juu yake. Kampala ni jirani. Kwa barabara ya Mutukula, mtu wa Bukoba yuko karibu na hospitali ya Mulago kuliko alivyo na Dodoma, na mapafu yake hayana tofauti na ya mtu wa Masaka.

Kagera ina sababu zake za kuchelewa kuitambua pumu. Kikohozi kisichoisha huku kwanza ni kifua kikuu, na ni haki, maana huu ndio mkoa ambao wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983, na kifua kikuu kiliufuata UKIMWI nyumba kwa nyumba. Makohozi yakipimwa na kukutwa hayana vimelea, mgonjwa hupewa dawa ya kuua vijidudu na kurudishwa nyumbani. Akirudi mara ya tatu na ya nne huku kifua kikitoa mluzi, ndipo pumu inatajwa. Wakati huo mama wa nyumba ameendelea kuwasha kuni za mkaratusi katika jiko lisilo na bomba la moshi. Mvua ya Bukoba, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, inaziachia kuta unyevunyevu na ukungu. Vyote hivyo vinajulikana duniani kote kuwa vichochezi.

Halafu dawa. Tafiti kuhusu upatikanaji wa dawa za pumu Afrika zinarudia jambo moja: ya kutuliza hupatikana kuliko ya kuzuia, na hospitali kubwa inayo kuliko zahanati. Kwa mtu wa Kamachumu au wa visiwa vya Muleba, maana yake ni vidonge vya salbutamol, ambavyo vinamtetemesha mikono na kumwendesha moyo mbio, na sindano ya aminofilini akizidiwa. Hiyo ni tiba ya kabla ya 1972. Mtu wa namna hiyo ukimwita mgonjwa wa pumu sugu isiyosikia dawa, unamwonea. Dawa yenyewe hajaionja.

Wasemao kwamba ubunifu mkubwa hautoki vijijini wasome habari za chandarua. Kuanzia 2014 Muleba ilikuwa uwanja wa jaribio la vyandarua vyenye kemikali ya piperoni butoksidi, lililofanywa na taasisi ya NIMR, chuo cha KCMC na wenzao wa London. Matokeo yalikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 2017, kabla hata hayajachapishwa kwenye jarida la Lancet, Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake. Vijiji vilivyoweza kuibadilisha sera ya malaria ya dunia vinaweza kupima pia kinachotokea zahanati ikipewa pampu ya kahawia kwa mwaka mzima. Jaribio hilo ningelipigia debe kabla ya waya wowote.

Na kuna chombo kimoja cha moto ambacho hakihitaji kampuni wala dola. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha kwenye Lancet kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ya soda au ya maji, inamfikishia mtoto dawa ya pampu sawasawa na kifaa cha dukani. Unachukua waya, unaukunja ulingane na mdomo wa pampu, unaupasha moto na kuubonyeza kwenye kitako cha chupa mpaka utoboe. Tundu likibana vizuri, unaichomeka pampu na kuziba kwa gundi. Mtoto anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa, unabonyeza mara moja, anavuta pumzi taratibu mara kadhaa. Dawa ambayo ingegonga ulimi na koo sasa inashuka kifuani. Osha chupa kwa sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta, uitumie tena.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama wewe au mwanao mnabanwa zaidi ya mara mbili kwa wiki, au mnaamshwa usiku na kifua, msiishie kwenye dirisha la dawa kununua vidonge. Nendeni hospitali, iwe ya mkoa hapo Bukoba, au Ndolage, Rubya na Kagondo kwa walio Muleba, muulize kwa jina: beklometasoni, pampu ya kuzuia. Mkiipata, mwombeni muuguzi awatazame mnavyoivuta, na muitumie kila siku hata siku mnazojisikia wazima. Mkiambiwa haipo, mpelekeeni diwani swali hilo kabla ya kikao cha bajeti ya halmashauri.

Na anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi apewe pampu ya bluu kupitia chupa huku usafiri unatafutwa, bila kusubiri kupambazuke.